Sauti ya Muda

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na inaonekana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuajiriwa na Sylvanus Ogutu. Wangeajiriwa naye wangejua kwamba ipo kazi mbaya ambayo ndiyo hiyo hiyo mchezo, na anayeifanya hapati raha ya mchezo wala heshima ya kazi. Hippolyte alikuwa ameifanya kwa miaka. Kila asubuhi alipopanda ngazi za lile jengo la Kyambogo, jijini Kampala, juu ya duka la mabomba na masinki, aliuchukia mlango kabla hajaufungua.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba watu walimwonea wivu. Mtu akisikia unatengeneza michezo ya simu, anadhani unashinda ukicheza. Kanisani walimtania, "Hippolyte, na sisi tutafutie kazi ya kucheza." Alitabasamu, moyoni akiwaombea wapate kweli. Mwandishi wa programu za michezo hachezi. Anamtazama mtu mdogo ndani ya kioo akiruka ukuta na kuanguka, anamrudisha, anaruka tena, anaangukia palepale, mpaka macho yanawasha kama yametiwa pilipili. Yote hayo ili mtu fulani aliyekaa chooni auruke ukuta huo mara moja tu, bila hata kujua kwamba palikuwa na ukuta. Ukifanya vizuri hakuna anayekuona. Ukikosea kidogo, watu usiowajua wanaandika chini ya mchezo kwamba aliyeutengeneza ni ng'ombe, mtoto wa ng'ombe. Hippolyte alisema maoni hayo hayasomi. Alikuwa akiyasoma yote, na kuyajibu kimoyomoyo kwa Kiswahili cha Bukavu, kwao Kongo, ambacho upande wa matusi kimejaliwa.

Mchezo uliomtia matatani uliitwa Kimbia Mwizi. Mchezaji ni mwizi aliyepora kapu sokoni. Anakimbia juu ya mabati, anaruka mitaro, anapenya katikati ya bodaboda na mbuzi, na nyuma yake anafukuzwa na mchawi, kizee mwenye kilemba chekundu na miguu ya ndege. Wazo lilikuwa la Ogutu. Huyu Ogutu alikuwa Mkenya wa Kisumu, aliyewahi kuuza bima, kisha viwanja, kisha akagundua kwamba kijana wa Kampala anaweza kulala njaa lakini hawezi kulala bila simu. Kuhusu programu hakujua lolote. Alichojua ni kuuza, na alimtazama kila mtu kama kitu ambacho bado hakijawekwa bei. Michoro ilikuwa ya Moreen, msichana wa Jinja, mpole na mchapakazi, aliyejua kunyamaza wanaume wawili wale walipokuwa wakigombana, yaani karibu kila siku.

Sasa, kazi hii ina desturi yake ya vitu vya muda. Mchoro haujaja, unaweka kisanduku cheupe mahali pake. Muziki haujaja, unaweka filimbi yoyote. Sauti haijaja, unaweka yako mwenyewe ukikohoa, ili kazi isonge, na kitu chenyewe kikifika unakitoa kile cha muda na kukitupa. Kila mwandishi wa programu anajua kwamba cha muda ni cha hatari, kwa sababu macho hukizoea. Anajua, na anakiweka.

Mchawi alihitaji sauti, na mwigizaji aliyeahidiwa alikuwa hajatokea. Hippolyte akakumbuka kwamba katika simu yake anayo moja.

Mama yake, Monique, alikuwa akiuza samaki wa chumvi, dagaa na sombe, yaani kisamvu, kule Namuwongo, hatua chache kutoka reli, na wateja wake karibu wote walikuwa Wakongo wenzake. Samaki alikuwa akiwaanika nyuma ya chumba walichopanga. Mchana mmoja, kaloli, mmoja wa wale ndege wakubwa wenye upara wanaoshinda majalalani mwa Kampala wakitembea kama mahakimu, alishuka uani, akanyakua samaki mzima na kutua naye juu ya bati. Monique akatoka jikoni na mwiko.

"We mulaaniwa! Rudisha!" alimpigia ukelele kwa Kiswahili cha kwao, ambamo 'mpaka' huwa 'paka'. "Unaona mi mujane, unafikiri sina mutu? Nitakufwata paka ku kaburi ya babu yako! Nitamuamsha, atakushika miguu!"

Kaloli alimtazama bila haraka, akameza. Hippolyte alikuwa peke yake mlangoni na simu mkononi, akicheka mpaka machozi yakamtoka, na akarekodi kila neno. Mama mwenyewe alicheka baadaye, akamwambia, "Hata ndege bananiona maskini." Wala hakujua kwamba amerekodiwa.

Kule kazini Hippolyte aliichukua sauti ile, akaishusha chini, akaipunguza mwendo, akaitia mwangwi. Alipomaliza, mwanamke aliyefukuza ndege alikuwa hayupo tena. Kilichobaki kilikuwa kitu kilichotoka chini ya ardhi, kinachokujua wewe na ukoo wako. Akaliita faili lile "mchawi wa muda", akaendelea na kazi nyingine.

Mwigizaji akaja, akarekodi, akaenda zake. Ogutu akasikiliza sauti zote mbili, mikono kiunoni.

"Huyu anaigiza," alisema akimaanisha yule mwigizaji. "Lakini huyu mwingine haigizi. Huyu anataka kuniua. Ni nani?"

Hapo ndipo Hippolyte alipokuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli, na hakulisema. Aliona aibu. Alijua Ogutu angecheka, angemwambia Moreen, na mama yake angekuwa kichekesho cha ofisi mpaka Krismasi. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kulikuwa na fahari. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, yule mtu alikuwa amekisifu kitu chake.

"Ni mama mmoja wa soko," alisema.

"Hana shida sisi tukiitumia?"

"Hana."

Basi mchezo ukatoka na sauti ile ile. Ukaenea kama moto wa nyika. Waendesha boda waliufanya ukelele ule mlio wa simu. Wanafunzi wa Kyambogo waliuigiza wakisukumana kwenye foleni ya chakula. Kila mahali palisikika "Nitakufwata paka ku kaburi ya babu yako," kwa lafudhi ya Kiganda, ya Kiacholi, ya Kijaluo. Waganda ambao hawakijui Kiswahili, wale wanaokiona lugha ya askari na wezi, waliukariri bila kuuelewa na wakaogopa vilevile. Ogutu alinunua kiti kipya cha kuzunguka. Hippolyte alivimba kichwa. Kwa muda mfupi aliacha kuuchukia mlango.

Wakongo wa Namuwongo, hata hivyo, waliielewa kila silabi. Na wengi wao walikuwa wamenunua samaki kwa mwenye sauti ile asubuhi ile ile.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Mama Tresor, jirani wa meza, muuza mafuta ya mawese na kiongozi wa akina mama wa maombi kanisani kwao. Alimsogelea Monique na simu, akamchezea. "Mama Hippolyte, hii sauti haiko yako?"

Nani huitambua sauti yake mwenyewe, tena iliyoshushwa na kutiwa mwangwi? Monique alisikiliza, akakemea kwa jina la Yesu. "Yangu? Mi naweza sema maneno ya kaburi namna hii? Mungu anione. Haiko mi." Akaapa mbele ya akina mama wote waliokusanyika, mkono juu.

Kiapo kile ndicho kilichomwangamiza. Angesema ni yake, wangecheka. Lakini sauti ni yake, kila mwenye masikio anasikia, na yeye anakana kwa jina la Mungu. Sauti ya mtu itaingiaje ndani ya simu za watu bila kupitia kinywani mwake? Kwa watu wa kwao swali hilo lina jibu moja tu, na jibu hilo limewahi kuchomea watu nyumba. Hakuna aliyemtukana, maana Wakongo ni watu wa adabu. Walimwambia tu apumzike kidogo kupika chakula cha mkesha wa maombi. Meza ya Mama Tresor ikasogea, kwanza kidogo, kisha ikahamia ng'ambo ya mtaro. Wateja wa zamani walianza kupita wakiangalia reli kama hawajawahi kuiona. Samaki hauzwi na mkono unaoogopwa. Watoto, ambao hawana adabu ya wazazi wao, walimpigia ukelele wake mwenyewe kwa mbali na kutimua mbio.

Jioni moja Monique aliingia ndani na beseni limejaa kama lilivyotoka. Aliliweka chini, akakaa, akamwambia mwanawe, "Ile mchezo yenye unafanya. Niwekee nisikie."

Hippolyte aliuweka. Angeweza kusema simu haina chaji. Aliuweka kwa sababu bado alidhani ni jambo la kuchekesha, na hilo linaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuishi chumba kimoja na mama yake asimwone. Monique alisikiliza mara moja, akaomba tena. Safari ya pili, ilipofika kwenye neno "mujane", mkono wake ukapanda mdomoni.

"Hii ni siku ya ndege," alisema.

Hippolyte aliusimamisha mchezo.

"Hippolyte. Hii ni siku ya ndege. Ni wewe uliniweka mu simu ya batu?"

Alijaribu kumweleza habari ya vitu vya muda. Alieleza visanduku vyeupe, filimbi, kukohoa. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia jinsi maneno yalivyokuwa mepesi. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kukatizwa.

"Niliapa," alisema. "Mbele ya Mungu na mbele ya batu, niliapa kama haiko mi. Mutoto yangu alikuwa anajua, na mi niliapa." Aliinuka kuwageuza samaki, wasiharibike. "Utaitoa. Sitaki kujua ni namna gani. Utaitoa."

Kesho yake, Jumamosi, Hippolyte alimfuata Ogutu kwenye kiti chake cha kuzunguka.

"Ile sauti ya mchawi ni ya mama yangu. Naitoa leo."

"Mama yako?" Ogutu aliacha kuzunguka. "Si uliniambia ni mama wa soko?"

"Ni mama wa soko."

"Na ukaniambia hana shida."

"Sasa ana shida. Watu wetu wanasema ni mchawi. Hakuna anayenunua kwake. Kwetu, neno hilo si mzaha, bwana Ogutu."

Ogutu alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa kuna jini ndani ya jokofu. "Mchawi, karne hii! Skiza, ndugu yangu. Hiyo sauti ndiyo mchezo. Ukiitoa, nabaki na mwizi anayekimbia upepo. Wewe unafikiri watu wanapenda vile umeandika kuruka? Hakuna mtu anajali kuruka kwako. Wanampenda huyo mama."

Damu ilimchemka Hippolyte. Alikuwa ameipigania ile miruko, alikuwa ameiota, na kwa tusi lile alisahau kwa kitambo kidogo kilichomleta. Alijibu kuhusu miruko. Wakabishana kuhusu miruko, kuhusu nani aliyeibeba kampuni ile mgongoni, kuhusu Wakenya na Wakongo na nani kati yao amezaliwa kuwaibia wengine, huku Moreen amejiziba masikio na kalamu ikiwa mdomoni. Ogutu akamaliza kwa kusema, "Sauti inakaa. Kama hutaki, mlango uko wazi."

Mlango ulikuwa wazi kweli, lakini Hippolyte hakutoka. Alisubiri wenzake washuke kula mchana. Kisha akaketi, akalitafuta lile faili kwenye kompyuta zote, kwenye nakala zote za akiba ambazo Ogutu hakujua hata kama zipo, akalifuta popote alipolikuta. Akatengeneza toleo jipya la mchezo, akalituma kwa wachezaji wote. Akaifuta na ile ya asili katika simu yake, kaloli na bati na mwiko vikaenda pamoja nayo. Alijisikia vizuri. Alijisikia kama mwana mwema, na hakuna anayejidanganya vizuri kama mtu wa namna hiyo.

"Imeisha, mama," alimwambia jioni. Monique alimshukuru Mungu, akala vizuri.

Kumbe Jumapili iliyotangulia mchungaji alikuwa ametangaza kwamba ibada inayofuata wataziombea simu zote, roho ya giza iliyojificha humo itoke. Hippolyte hakuwapo kanisani siku hiyo, na mama yake hakumwambia kwa kuona aibu. Basi walipokusanyika Jumapili hii, Hippolyte akiwamo, simu zikainuliwa juu kama matoleo. Mama Tresor, aliyekabidhiwa kuonyesha, akaufungua mchezo mbele ya kipaza sauti ili watu wote wausikie uovu kabla ya kuukemea. Mwizi akakimbia. Mchawi akatokea, akafumbua kinywa.

Kimya. Mchawi akafumbua kinywa tena, akafumba, kama samaki aliyetolewa majini.

Watu wakajaribu simu zao, benchi baada ya benchi. Kote kimya. Mama Tresor akaita kwa sauti iliyotetemeka, "Amesikia kama tunakuja na maombi! Ametorosha sauti yake!" Na kanisa zima, pamoja na wapiga ngoma, likageuka kumtazama Monique.

Huo ndio ujinga wa watu wa kompyuta. Wanadhani ukifuta kitu, kimekwisha. Hakuna mwanadamu wa kawaida anayeweza kuiondoa sauti ndani ya simu za watu wote kwa siku moja bila kuzigusa. Aliyewahi kuwa na shaka, shaka yake ilimwishia pale.

Hippolyte akasimama. "Ni mimi!" alisema. "Mimi nilimrekodi mama, na mimi nimeifuta. Hakuna uchawi. Ni kazi yangu."

Mama Tresor alimuuliza taratibu, kwa huruma, na huruma ile ilikuwa kisu. "Hippolyte, kwa hiyo sauti ni ya mama yako?"

"Ni yake."

"Na yeye aliapa kama haiko yake."

"Hakujua!"

"Ulichukua sauti ya mama yako mwenyewe, ukaitia mu mchawi, na hukumwambia?"

Hippolyte alikuwa mtu wa kutafuta makosa katika programu, alilipwa kwa hilo, na safari hii kosa lilikuwa hapo wazi, nalo lilikuwa lake. Mzee mmoja nyuma alinong'ona, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba hakuna mtoto wa kawaida anayeweza kumfanyia mama yake hivyo, lazima mtoto anamkinga mama. Benchi alilokalia Monique lilikuwa limebaki lake peke yake. Alichukua mkoba wake, akaufunga mtandio vizuri, akatoka katikati ya safu bila kumwangalia mtu, wala mwanawe.

Jumatatu Ogutu alikuwa akimngoja Hippolyte ofisini. Wachezaji walikuwa wameumwagia mchezo matusi na nyota moja moja, wakidai mchawi wao.

"Umeingia kwangu kama mwizi!" Ogutu alipiga kelele. "Mchana, nikiwa nakula!"

"Wewe ndiye mwizi. Umekula sauti ya mama yangu."

"Nani alinipatia? Eh? Nani alileta?"

Hippolyte alimshika shati. Meza ikapinduka, kikombe kikavunjika, Moreen akaingia kati yao mikono juu. "Banange, nyinyi! Wacheni! Nyinyi iko wazee ama iko watoto?" Waliachana wakihema. Hippolyte akaondoka bila kuchukua chochote chake, na Ogutu akamtupia kutoka juu ya ngazi maneno ambayo mwenye duka la masinki bado anayasimulia.

Siku zilizofuata alishinda amelala akiitazama dari. Aliwachukia watu wote kwa zamu: Ogutu, Mama Tresor, mchungaji, wachezaji, kaloli. Mama yake alimwekea chakula na hakumsemesha zaidi ya lazima. Beseni la samaki liliegeshwa ukutani, limekauka. Hata hivyo Monique aliondoka kila asubuhi, amevaa vizuri, na kurudi mchana. Hippolyte alidhani anatafuta meza Luzira, mahali ambapo Wakongo ni wachache na hakuna anayemjua. Alimwonea uchungu. Akajiambia kwamba yeye amepoteza kazi kwa ajili yake, na siku moja, akitulia, mama atalitambua hilo. Wazo hilo alilikumbatia sana.

Hatimaye alikwenda Kyambogo kuchukua vitu vyake, hasa vyeti vyake vya shule alivyokuwa ameviacha mtotoni mwa meza. Alichagua saa ya asubuhi, Ogutu akiwa kawaida bado hajafika. Alipofika katikati ya ngazi alisikia ukelele.

Haukuwa umeshushwa wala kupunguzwa mwendo. Ulikuwa mpya, mzima, wenye pumzi. "Weee! Unakimbia na kapu ya mujane? Nimeshakula chumvi kuliko miguu yako! Simama nikufundishe!" Kikafuata kicheko, na sauti ya Ogutu ikisema, "Sawasawa kabisa, Mama. Tena moja, lakini sasa mwizi ameteleza, umemkaribia."

Hippolyte aliusukuma mlango. Mablanketi yalikuwa yametundikwa kuta zote kuzuia mwangwi. Katikati, kwenye kile kiti kipya cha kuzunguka, alikuwa ameketi Monique katika kitenge chake cha harusi za watu, kipaza sauti mbele yake, glasi ya maji pembeni. Ogutu alikuwa amesimama, amevaa vipokea sauti masikioni. Moreen alikuwa akiuchora uso wa Monique, na karatasi yake ilikuwa na mama mnene mwenye macho makali na mwiko, bila miguu ya ndege.

"Mama. Inuka tuende."

"Sijamaliza," alisema Monique.

"Huyu mtu amenikosesha kazi kwa ajili yako! Umesahau walivyokugeukia kanisani? Unataka wakuite mchawi mpaka ufe?"

Monique alikunywa maji kidogo. Alipozungumza hakupandisha sauti, na Hippolyte angependa apandishe.

"Ulinificha mu simu, bakaniita mchawi. Ukanifuta, bakaniita mchawi zaidi. Uchawi ni kitu ya kuficha, Hippolyte. Sasa mi sifichi. Jina yangu itaandikwa mbele ya mchezo, Monique, na sura yangu iko hapa, Moreen anaichora. Mutoto akisikia atajua ni mama fulani wa Namuwongo anafanya kazi yake. Jana Mama Tresor alikuja paka hapa kuangalia na macho yake. Aliona hii kipaza, aliona mablanketi, akacheka. Akauliza kama kuna nafasi ya mutu wa kulia machozi mu mchezo."

"Anakuuza, mama. Huyu hana haya. Anakuuza kama anavyouza kila kitu."

"Najua anauza. Mi pia niko muuzaji." Alimgeukia Ogutu, ambaye kwa mara ya kwanza tangu Hippolyte amjue alikuwa akiangalia viatu vyake. "Lakini huyu, nilikuja hapa kumutukana, akanipa kiti. Akanieleza. Akaniuliza kama nakubali, nikakataa, akaniacha nikaenda. Nikarudi mwenyewe. Huyu mugeni, mutu wa Kisumu, ameniomba. Wewe nilikuzaa, nikakubeba mugongoni paka Uganda. Hukuniomba."

Hippolyte alifungua kinywa. Alijua kila neno aliloweza kusema, na kila moja lilikuwa la muda.

Moreen alimletea vyeti vyake taratibu, akamwekea mkononi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Monique alikwisha kuugeukia mkono wa Ogutu ulioinuliwa, akisubiri ishara, akivuta pumzi.

"Ukitoka, funga mulango," alimwambia mwanawe bila kugeuka. "Makelele ya barabara inaingia."

Hippolyte akatoka, akaufunga.